Kigari cha Mtoto wa Kwanza: Kinunuliwe Lini, na cha Namna Gani?

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma mjini, na kwa hesabu za kliniki nitajifungua mtoto wangu wa kwanza mwanzoni mwa Novemba. Tumepanga nyumba Gungu, mbali kidogo na lami. Kutoka mlangoni hadi barabarani kuna njia ya udongo yenye makorongo, na kuna mtaro uliowekewa ubao mmoja tu wa kuvukia. Mume wangu ana safari ya Dar es Salaam mwezi ujao, naye amekwisha nionyesha picha ya kigari chepesi cha kukunja, chenye magurudumu madogo, ambacho anasema kinaingia kwenye basi na kwenye bajaji bila taabu. Tumeweka kando shilingi 300,000. Mama mkwe, atakayekuja kutoka Kasulu kukaa nami wakati wa uzazi, amesema mtoto mchanga hasukumwi njiani kama gunia la mihogo, na kwamba mbeleko ameshaniandalia. Sitaki kumvunjia mama heshima, wala sitaki kumkatisha tamaa mwenzangu. Je, tununue sasa au tungoje? Na tukinunua, tuangalie nini?

Mama mtarajiwa, Gungu, Kigoma

JIBU

Marahaba, mwanangu, na Mungu akujalie ujifungue salama. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonishika zaidi ni ule ubao mmoja juu ya mtaro. Kabla mume wako hajaondoka, tafuteni jioni moja mtoke mlangoni kwenu kwa miguu mpaka kule utakakompeleka mtoto mara kwa mara, yaani kliniki, sokoni Mwanga na kwa ndugu, huku mkiangalia kila mahali ambapo gurudumu dogo lingezama au ambapo ingewabidi mkinyanyue kigari kizima mtoto akiwa ndani. Mkiona kwamba mngekinyanyua zaidi ya mara mbili kabla ya kufika kwenye lami, jueni kuwa kigari cha kwenye picha kitaishia pembeni mwa chumba kikiwekewa nguo zilizofuliwa, na fedha yenu itakuwa imelala hapo.

Ushauri wangu ni kwamba msinunue sasa. Nunueni kuanzia Mei. Mtoto atazaliwa Novemba, wakati mvua za Kigoma zimeshaanza, na mvua hizo hazikatiki mpaka kati ya Aprili na Mei. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zote zitaangukia katika miezi ya matope, na likizo yako ya siku 84 itakwisha mvua zikiwa bado zinanyesha. Kisha, njia itakapokauka, mtoto atakuwa amefika karibu miezi sita, umri ambao watoto wengi huanza kukaa kwa kuegemezwa kidogo na shingo zao zimekwisha kukaza. Hapo ndipo kigari kitakapomfaa mtoto, na njia nayo itakuwa inapitika.

Suala la shingo nataka ulielewe vizuri, kwa sababu wauzaji wengi hawalisemi. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Akiwekwa katika kiti kilichosimama, kichwa huanguka mbele, kidevu kikagusa kifua, na hewa ikapita kwa shida bila mtoto kulia wala kufurukuta. Mama anayesukuma kwa nyuma hadhani lolote, kwa kuwa anamwona amelala. Kwa hiyo mtoto wa chini ya miezi sita asiwekwe kamwe katika kigari ambacho kiti chake hakilali kikawa bapa kabisa kama kitanda. Vigari vingi vya kukunja vya bei nafuu huegama nusu tu. Ikitokea mkalazimika kuwa na kigari tangu mwanzo, kwa mfano ukijifungua kwa upasuaji na daktari akakukataza kufunga kitu mgongoni, chagueni chenye kitanda bapa, godoro gumu lisilo na mito, na chandarua cha kukifunika chote, maana mkoa wetu ni miongoni mwa ile yenye malaria nyingi zaidi nchini, na mbu wa jioni hajali kama mtoto yuko ndani au njiani.

Sasa nije kwa mama mkwe wako. Ana haki kuliko anavyodhani mumeo. Mtoto anapobebwa mgongoni huku magoti yameinuka na mapaja yamepanuka kuukumbatia mwili wa mama, vichwa vya mifupa ya mapaja hukaa sawasawa ndani ya nyonga zake, na madaktari wa mifupa waliofanya kazi Malawi wamehusisha ubebaji huu na uchache wa watoto wenye nyonga zilizoteguka tangu kuzaliwa. Kwa miezi ya mvua hakuna chombo kitakachokufikisha kliniki kwa usalama kuliko mbeleko iliyofungwa na mkono unaojua. Mwombe tu akufundishe yote mawili: kumbeba kifuani wiki za mwanzo, uso wake ukiuona na kidevu kikiwa kimeinuka, na kumhamishia mgongoni shingo ikishakaza. Ukimwomba akufundishe, heshima yake umekwisha kuiweka mahali pake, na kigari kitakapokuja Mei hakitakuwa kimekuja kumpinga. Naye aelezwe kwa upole kwamba mtoto wa kilo 8 au 9 mgongoni mwa binti mwembamba wa kazi, jua la saa saba, si jambo la kufanywa kila siku, na kwamba hakuna anayepaswa kuinamia jiko la mkaa au sufuria ya uji akiwa na mtoto mgongoni.

Kuhusu kigari cha mumeo, simlaumu, kwa kuwa aliangalia uzito na ukunjaji, na hayo ni mambo ya maana. Lakini chombo hicho kilibuniwa kwa ajili ya njia za namna nyingine. Alikibuni Owen Maclaren, mhandisi wa Uingereza aliyekuwa amesanifu vifaa vya magurudumu ya ndege za kivita za Spitfire, akakiombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1965 baada ya kuona gari zito la mtoto lilivyomhangaisha binti yake safarini. Kilikuwa cha viwanja vya ndege na njia za waenda kwa miguu zilizosakafiwa, na huko kinateleza vizuri. Kwenye udongo wa Gungu gurudumu lake dogo, linalozunguka huku na huku, litajikita kwenye kila ufa, kigari kisimame ghafla, na wewe ukiendelea kusukuma mtoto arushwe mbele.

Tafuteni chenye tairi kubwa za upepo, hasa za nyuma, zenye kipenyo cha inchi 12 hivi. Nakwambia za upepo kwa sababu ya jambo moja ambalo katika duka la Kariakoo hakuna atakayelitaja: tyubu ya inchi 12 ndiyo ileile ya baiskeli ndogo za watoto, na fundi baiskeli yeyote pale Mwanga ataiziba pancha au kuibadilisha mkiwa mmesimama. Gurudumu la plastiki likipasuka, kigari kimekwisha. Vigari vya namna hii ni vizito, kilo 10 hadi 15 badala ya kilo 5 hadi 8, kwa hiyo mume wako aende na futi mkononi: apime kwanza upana wa mlango wenu, wa ubao wa mtaroni (ambao kwa vyovyote mnapaswa kumwomba mwenye nyumba auongezee mwingine), na wa nafasi iliyo nyuma ya kiti cha bajaji mnayoizoea, kisha apime kigari kikiwa kimekunjwa na kikiwa kimefunguliwa. Kwa shilingi 300,000 huenda asipate kipya cha aina hii; mtumba mzima ni bora kuliko kipya dhaifu.

Breki ndizo ninazotaka azikague kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mji wetu umekaa kwenye miteremko. Kutoka Mwanga ukiishika barabara ya Lumumba kuelekea stesheni na ziwani, chombo chochote chenye magurudumu kinataka kwenda chenyewe. Mwaka mmoja nilikuwa namsukuma mjukuu wangu kwenye mteremko huohuo, nikasimama kununua ndizi, nikakanyaga breki na kuachia mpini kwa muda wa kuhesabu sarafu tu. Breki ile ilikuwa inashika gurudumu la kushoto peke yake. Kigari hakikwenda moja kwa moja. Kilijizungusha taratibu kama mtu anayegeuka kutazama nyuma, na kilipokwisha kuelekea barabarani ndipo muuza ndizi alipokidaka. Tangu siku hiyo sinunui wala simshauri mtu anunue kigari ambacho kikanyagio kimoja hakifungi magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja. Namna ya kujaribu ni hii: kiwekwe mzigo wa kilo 10, mfuko wa mchele unatosha, kifungwe breki mahali penye mteremko, kisukumwe kwa nguvu ya wastani. Gurudumu lolote likizunguka hata robo, aachane nacho. Na hata breki zikiwa nzima, ukisimama kwenye mteremko kielekeze ubavu, usikielekeze bondeni, na usitundike mfuko wa sokoni kwenye mpini, kwa kuwa mtoto akitolewa, au akijisogeza tu, kigari hupinduka kwa nyuma.

Mikanda iwe na ncha tano, yaani miwili ya mabega, miwili ya kiuno na mmoja wa katikati ya mapaja. Mkanda wa kiunoni peke yake haumzuii mtoto kuteleza chini na kunaswa shingo. Kikiwa cha kukunja, kiwe na kufuli mbili, ili moja ikifyatuka nyingine ishike, na bawaba zake ziwe zimefunikwa. Mwaka 2009 nchini Marekani vigari vipatavyo milioni moja viliondolewa sokoni kwa sababu bawaba zake zilikuwa zimekata ncha za vidole vya watoto wakati wa kufunguliwa. Mtoto awe mbali kila kinapofunguliwa na kukunjwa. Kwenye fremu mume wako atafute kibandiko chenye maandishi EN 1888, ambayo ni namba ya kiwango cha Ulaya cha vigari vya watoto, na asome uzito wa juu unaoruhusiwa. Rangi, kishikilia chupa na mapambo havina maana yoyote.

Nasisitiza jambo moja la jua, kwa kuwa naliona kila siku na linaniumiza. Mama anaona jua kali, anachukua kanga, anafunika kigari chote mbele na nyuma ili mtoto alale kivulini. Siku moja kwenye foleni ya kliniki nilipenyeza mkono chini ya kanga ya namna hiyo, na hewa ya mle ndani ilikuwa kama ya chungu kilichofunikwa. Nywele za mtoto zilikuwa zimelowa jasho zikashikana na paji la uso. Kitambaa kikavu huzuia hewa kupita, na joto hujikusanya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walionyesha mwaka 2023 kwamba kufunika kwa kitambaa kikavu huongeza joto ndani ya kigari, ilhali kitambaa chepesi kilicholoweshwa maji hulipunguza. Kwa hiyo chagueni chenye paa pana linalosogea, lielekezwe upande jua linakotokea, pande zikiachwa wazi, na safari za saa sita mchana ziahirishwe kila inapowezekana.

Mkipata kiti kinachoweza kugeuzwa mtoto akakutazama, kichukueni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wazazi huzungumza zaidi na mtoto anayewatazama. Aliyebebwa mgongoni husikia sauti yako kupitia mwili wako. Aliyegeuziwa barabara husikia bodaboda tu.

SWALI

Shangazi, nakuamkia kutoka Isevya, Tabora. Nimepewa na dada yangu kigari alichotumia kwa wanawe wawili. Gurudumu la mbele linatikisika, mkanda mmoja umekatika, na kwenye mchanga wa huku hakisukumiki kabisa. Pia jirani ananishauri nikiuze ninunue kile cha duara ambacho mtoto hujifunzia kutembea. Nifanye nini?

Baba wa mtoto mmoja, Tabora

JIBU

Marahaba, baba. Gurudumu linalotikisika mara nyingi ni beringi au bushi iliyokwisha, na fundi baiskeli ataibadilisha. Lakini akikuta ufa kwenye fremu yenyewe, kwenye kiungo au kwenye bawaba, asichomelee, kitupwe. Mkanda upeleke kwa fundi viatu au fundi wa mabegi aushone kwa uzi wa nailoni, mishono ya kwenda na kurudi, kisha uvute kwa nguvu zako zote kabla ya kumfunga mtoto. Kwenye mchanga funga kile kizuizi cha gurudumu la mbele lisizunguke, na panapozidi ulaini geuka, ukivute kinyumenyume, ili magurudumu makubwa yatangulie.

Kile cha duara usikinunue. Hakimfundishi mtoto kutembea, bali humpa mwendo wa kufika kwenye ngazi, kwenye jiko na kwenye ndoo ya maji moto kabla hujageuka. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Mtandikie mwanao mkeka sebuleni, mwache ashike kiti na kusimama mwenyewe.