Kutoka mita 5,000 kwenda viunzi na maji: cha kufanya ndani ya wiki kumi

Mdogo wangu, umeuliza hivi: unakimbia mita 5,000 kwa dakika 14:40, kocha anataka uhamie mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, uwanja wenu hauna dimbwi (shimo la maji linalorukwa baada ya kiunzi), na zimebaki wiki kumi. Inawezekana. Pumzi unayo. Unachokosa ni kukifikia kiunzi bila kupunguza mwendo, na hilo halipatikani kwa kuongeza kilomita.

Fanya hesabu kwanza. Utaruka viunzi 28 na maji mara 7, jumla 35. Kiunzi cha wanaume kina kimo cha sentimita 91.4 (wanawake 76.2) na uzito wa kilo 80 hadi 100. Ukikigonga, utaanguka wewe, chenyewe kitabaki kimesimama. Mtu wa 14:40 ana uwezo wa kama 8:25 kwenye mita 3,000 tupu, zisizo na viunzi. Mgeni hupoteza sekunde 35 hadi 45 kwenye miruko, yaani sekunde moja na ushee kila anaporuka. Kwa hiyo lenga 9:05 mara ya kwanza: kilomita ya kwanza 3:03, ya pili 3:04, ya mwisho 2:58.

Usipime kwa mzunguko kama ulivyozoea. Dimbwi likiwa upande wa ndani, mzunguko unakuwa mfupi kuliko mita 400. Likiwa nje, unakuwa mrefu. Wengi husoma saa, hudhani wanakwenda vizuri, kumbe wamepitiliza kasi. Kocha akae kwenye alama za mita 1,000 na 2,000 akusomee. Na mbio hizi hazimsamehi anayetangulia sana. Mtanzania Filbert Bayi aliongoza fainali ya Olimpiki ya Moscow 1980 kwa kasi kali, Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita mzunguko wa mwisho: 8:09.7 kwa 8:12.5.

Wiki mbili za mwanzo usiguse kiunzi kizito. Tumia vile vyepesi vinavyoanguka, kimo cha sentimita 76, juu ya nyasi. Panga vitano, pita kwa kutembea, kisha kwa kukimbia polepole, mara kumi kila mguu. Nasisitiza kila mguu. Kwenye mbio hutapata nafasi ya kupanga hatua zako, na mwenye kuruka kwa mguu mmoja tu lazima adonoe hatua fupifupi mbele ya kiunzi. Hapo ndipo sekunde zinapopotelea, wala si hewani.

Wiki ya tatu leta boriti, yaani kiunzi kizito cha mbao kisichoanguka. Fundi wa mbao anaweza kuitengeneza: mraba wa sentimita 12.7, urefu wa mita 2 unatosha kwa mazoezi, miguu yenye vitako vya mita 1.2 au zaidi isipinduke. Anza na sentimita 76, panda hadi 91. Ongeza mwendo kidogo mita 10 hadi 15 kabla, ruka ukiwa bado mbali kidogo, kama mita moja na nusu, kifua kikiinamia mbele. Ukisogea karibu mno utalazimika kwenda juu badala ya kwenda mbele, na utatua kwa kishindo. Goti la mguu wa nyuma linyanyuliwe pembeni. Likilegea kwa uchovu ndilo linalogonga mbao.

Kwa maji, weka boriti mbele ya shimo la mchanga la kuruka mbali. Kanyaga juu ya boriti, meno ya spaiki (viatu vya mbio) yashike ukingo wa mbele, goti likiwa limekunjwa. Usisimame wima juu yake: subiri mwili upite, ndipo usukume kwenda mbele. Dimbwi lina urefu wa mita 3.66 na sakafu yake hupanda kuelekea mwisho, hivyo tua kwa mguu mmoja kwenye maji haba karibu na ukingo, wa pili ukanyage pakavu. Mkenya Amos Biwott alishinda Olimpiki ya Mexico 1968 akiruka maji bila kulowa, lakini usimwige. Kila mruko wa namna ile unakula miguu utakayoihitaji kilomita ya tatu.

Kuanzia wiki ya tano, siku moja kwa wiki, isizidi: mita 1,000 mara tano, viunzi vinne kila mzunguko, kwa dakika 3:02 hadi 3:05, pumziko dakika mbili. Ukianza kudonoa hatua, simamisha zoezi siku hiyo hata kama pumzi ipo. Kisigino na nyonga huumia kwa kurudia miruko mibaya.

Siku ya mbio, soksi ziache; hubeba maji. Kwenye kundi usikae nyuma ya mgongo wa mtu, maana hutaona kiunzi. Mita 10 kabla sogea nje nusu hatua ukione. Kabla ya kujipasha moto nenda ukaangalie mahali njia inapokatia kwenda kwenye maji. Mkenya Beatrice Chepkoech aliupita mkato huo bila kukata mzunguko wa kwanza kwenye mashindano ya dunia London 2017, akalazimika kurudi, akamaliza wa nne. Mwaka uliofuata aliweka rekodi ya dunia Monaco, 8:44.32.