Mita haipimi kupitia picha

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita mliuliza: je, vikundi vya wapenda elektroniki na kompyuta vilivyohamia kwenye simu wakati wa korona virudi kukutana ana kwa ana? Jibu langu ni kwamba virudi, tena visichelewe. Kikundi chetu hapa Dar es Salaam kilikuwa kikikutana Jumamosi hadi Machi 2020. Tangu hapo tumebaki kwenye kundi la WhatsApp. Wanachama wameongezeka sana, lakini kazi zinazokamilika zimepungua, na wanaoanza wanaondoka kimya kimya.

Kijana mmoja alitaka kupima maji kwenye simtanki la nyumbani kwao, apate taarifa kwenye simu kabla hayajaisha. Alinunua kihisi cha HC-SR04, kile kinachopima umbali kwa mawimbi ya sauti, pamoja na bodi ya ESP32, yaani kompyuta ndogo yenye Wi-Fi, akaviunganisha kwenye bredibodi, ubao wa matundu wa kuunganishia vifaa bila kulehemu. Kihisi hakikujibu. Akatuma picha kwenye kundi, na majibu yakamiminika: badilisha programu, badilisha waya, nunua kihisi kingine. Kila mmoja alijibu kwa nia njema, na kila jibu lilipingana na lililotangulia.

Baadaye mwenzetu mmoja alikutana naye Kariakoo, akatoa mita ya kupimia umeme, akaanza kupima. Njia ya umeme iliyo pembeni mwa bredibodi ilikuwa imekatika katikati. Bredibodi nyingi ndefu hutengenezwa hivyo: nusu moja ina umeme, nusu nyingine haina mpaka uziunganishe. Pichani waya zote zilionekana zimekaa sawasawa. Kipande kifupi cha waya kikamaliza tatizo. Kisha akamwonyesha jambo ambalo kijana hakuwa ameliuliza kabisa: kihisi kile kinarudisha volti 5, wakati miguu ya ESP32 imetengenezwa kwa volti 3.3. Wakaweka rezista mbili (vifaa vidogo vya kuzuia umeme, ukubwa wake hupimwa kwa omu), ya omu 1,000 na ya omu 2,000, ili kugawa volti zile. Bila hivyo angeweza kuiua bodi yake, na asingejua imekufa kwa nini.

Hapo ndipo ninapoegemea. Kwenye simu anasaidiwa anayejua cha kuuliza. Mgeni wa fani hajui, na akijua anaona aibu kuandika mbele ya watu mia. Mezani hahitaji kuuliza. Wenzake wanaona anavyoshika kifaa na wanamrekebisha pale pale. Kulehemu ni hivyo hivyo. Unaweza kuandika mara nyingi upendavyo kwamba mguu wa kifaa na bodi vipashwe moto kwanza, ndipo waya wa risasi wa kulehemia uguswe hapo uyeyuke wenyewe. Mkono hauelewi mpaka uone mkono mwingine ukifanya.

Historia nayo iko upande huu. Machi 5, 1975, katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, walikutana wapenzi wa kompyuta walioitwa baadaye Homebrew Computer Club. Kompyuta ya Altair 8800, ya kujiundia mwenyewe nyumbani, ilikuwa mpya, nao wakaja kuiona. Steve Wozniak, aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alikuwepo, na mwenyewe ameeleza kwamba mkutano ule ndio uliomsukuma kubuni kompyuta iliyokuja kuwa Apple I, ya kwanza ya kampuni hiyo. Michoro yake akaigawa bure kwa wenzake. Ninachotamani tukichukue kwao ni utaratibu. Kwanza mtu alisimama akasema ana nini na anatafuta nini, halafu kikao kikavunjwa ili wenye nacho na wenye shida watafutane. Hakukuwa na mhadhiri wa kuwasinzisha watu saa mbili.

Najua vikwazo. Nauli kutoka Mbagala au Bunju si ndogo kwa mwanafunzi, kwa hiyo mkutano mmoja kwa mwezi unatosha. Ufanyike mchana na umalizike kabla ya magharibi, la sivyo wazazi wengi hawatawaruhusu mabinti zao, nasi tutarudi kuwa kikundi cha wanaume peke yao. Wenzetu wa Mbeya na Kigoma waendelee kupata msaada kwenye WhatsApp, na bei za vifaa zitangazwe huko huko. Lakini nisingependa simu isimamishwe mezani ili wa mbali watazame kikao. Waliopo wataanza kuongea na kamera, na wa mbali watamaliza bando bila kuona hata namba za mita.

Kinachotukwamisha hasa ni mahali: meza ndefu, umeme wa uhakika, na kabati lenye kufuli la kuhifadhia vifaa vya pamoja, maana osiloskopu, chombo kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, si kitu cha kila mtu kununua. Vyuo vya ufundi na sekondari nyingi zina karakana zinazofungwa Jumamosi. Kama kuna mkuu wa chuo anayesoma ukurasa huu, tunaomba mchana mmoja kwa mwezi. Tutafagia wenyewe, na wanafunzi wake waje wakae nasi mezani bila kulipa chochote.

Msomaji wenu,
Ubungo, Dar es Salaam