RunX ya 2ZZ hapa Dodoma: usikubali kiboksi hicho kabla ya kupima

Mkuu, mwambie huyo fundi asikufungie kitu. Mpigie leo, usisubiri Ijumaa.

Umeandika una Toyota Corolla RunX Z Aerotourer yenye injini ya 2ZZ, unaishi Kisasa, gari unaliona zito kuondoka, na fundi amekuahidi farasi 25 za ziada kwa kiboksi cha umeme kinachopunguza ishara ya sensa ya hewa (ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini). Amesema taiming, yaani wakati wa cheche ya plagi kupigwa, haigusi. Kipimo hana, atasikiliza eksosi na kuangalia rangi ya plagi. Halafu Jumamosi unashuka Dar harusini. Nilipofika hapo moyo ulinidunda, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi, kwa injini hiyo hiyo, na safari hiyo hiyo ikanikuta.

Mimi niliambiwa kompyuta ya gari inamwaga petroli nyingi mno ukikanyaga mpaka chini, na ukiipunguza gari linachangamka. Hilo ni kweli, ndiyo maana mengine yote niliyameza. Kwenye mzigo mzito kiwanda kiliweka mchanganyiko mnene kwa makusudi, petroli ya ziada ipoze chumba cha kuchomea. Ukipunguza kidogo, nguvu inaongezeka. Jamaa akafunga kiboksi, jioni tukatoka barabara ya Iringa, kamu ya juu (ile inayofungua valvu zaidi mwendo ukiwa mkubwa) ikashika kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, mshale ukapanda hadi karibu na 8,000 bila kusita. Nilimlipa palepale na kumwongezea ya soda.

Alichonificha, au hakukijua (na asiyekijua hana haki ya kushika gari la mtu), ni kwamba kompyuta haitumii sensa ya hewa kupimia petroli peke yake. Kwa hesabu hiyo hiyo ya hewa inaamua cheche ipigwe digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu. Ikiona hewa ni kidogo, inahesabu kuwa mzigo ni mdogo, na cheche inawahishwa. Kwa hiyo kiboksi kikiidanganya kwamba hewa imepungua, petroli inapungua na papo hapo taiming inasogea mbele. "Taiming siigusi," alinihakikishia. Aliigusa bila kushika spana! Na 2ZZ ina mbano wa 11.5 kwa 1, injini iliyotengenezewa petroli ya haioku (oktani ya juu) ya Japani. Si injini ya kuwahisha cheche kwa kubahatisha.

Kwa nini hapa Dodoma ilivumilia? Tuko mita 1,100 na ushei juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takribani asilimia 10, kwa hiyo kila silinda inavuta hewa pungufu, presha ndani inakuwa ndogo, na cheche iliyowahi mno inasamehewa. Wiki tatu nzima nilitembea nikidhani nimepata fundi wa maisha.

Nikashuka. Kibaigwa salama, Gairo salama. Ukitoka Gairo barabara inaporomoka, na ukifika Dumila umeshapoteza mamia ya mita, hewa ni nzito na saa nane mchana joto linatoka kwenye lami. Nikashusha gia kupita malori mawili, nikakanyaga. Nilisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo la bati. Hapa tuelewane: mafundi wetu wakisema injini imenoki wanamaanisha beringi zimekwisha. Mimi nasema mchanganyiko kulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, pistoni inapigwa nyundo ikiwa bado njiani. Sensa ya kusikiliza mlio huo ipo kwenye bloku, na kompyuta hurudisha cheche nyuma, lakini ilikuwa inaanzia mahali ambapo tayari ni mbali mno. Nilidhani ni mlio wa bodi. Nikaongeza redio. Nikapita lori la tatu.

Kabla ya Morogoro moshi wa bluu ulikuwa umejaa kioo cha nyuma na gari linatetemeka kama trekta. Kulifungua tukakuta silinda ya tatu ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili umevunjika, vipande vimechana ukuta wa silinda, plagi imejaa vidoa vya aluminiamu. Injini ya mtumba, kufunga na gari la kuvuta: milioni tano na laki mbili. Harusi (ndiyo, na mimi nilikuwa naenda harusini, ya mdogo wangu wa tumbo moja) niliiona kwa picha. Dodoma nilirudi kwa treni ya SGR na begi lenye suti ambayo sikuivaa.

Nikampigia yule bwana. Akasema nimejaza petroli mbaya njiani. Mara ya pili hakupokea. Mpaka leo hajapokea, na bado anafunga viboksi. Hilo ndilo linalonikera kuliko hela.

Kwa hiyo sikiliza, mkuu: bila namba, hakuna kugusa. Namba yenyewe ni ya sensa ya oksijeni ya masafa mapana, si ile iliyokuja na gari. Ile ya gari inajua tu kama uko juu au chini ya hewa 14.7 kwa 1 ya petroli, kwenye mzigo kamili haikuambii kitu. Unataka uone kati ya 12.5 na 13 za hewa kwa 1 ya petroli kuanzia 3,000 hadi juu kabisa, gia ya tatu, huku mtu wa pili akisikiliza bloku kwa vifaa vya masikioni. Na namba za Dodoma peke yake hazitoshi! Zichukue tena chini, Morogoro, mchana wa joto. Fundi akikataa kushuka na wewe, umeshamjua.

Na huo uzito unaouona, farasi 190 za kiwandani hapa kwetu ni kama 170, halafu toki (nguvu ya kuzungusha) ya juu kabisa, Nm 180, inakuja kwenye 6,800. Chini ya hapo hii ni Corolla ya kawaida. Si ubovu. Angalia tu oili iwe imejaa mpaka alama ya juu, maana kamu ya juu inasukumwa na presha ya oili, na usiilazimishe injini ikiwa baridi. Kupandisha ukomo wa mizunguko hadi 9,000 sahau: nguvu kubwa kabisa ipo kwenye 7,600, baada ya hapo inashuka, na kutoka 8,000 hadi 9,000 konrodi (vyuma vinavyoshika pistoni) zinaongezewa mzigo kwa zaidi ya robo.

Jumamosi nenda na gari kama lilivyo. Mimi niko Ilazo, sensa yangu ya oksijeni ya masafa mapana ninayo pamoja na saa yake ya kusomea namba. Ukirudi njoo uichukue, tutafute wa kutoboa eksosi na kuchomelea mahali pa kufungia sensa, na kushuka Morogoro nitashuka na wewe.