Kusikiliza na Kuandika katika IELTS: Jibu kwa Wadogo Zangu wa Dar es Salaam

Wadogo zangu wauguzi mnaojiandaa huko Temeke, Sinza na Mbagala kwenda kufanya kazi ng’ambo, mmekuwa mkiniuliza swali moja kwa namna nyingi: je, mtu aliyesoma sekondari kwa Kiingereza, akamaliza chuo cha uuguzi kwa Kiingereza na kuandika taarifa za wagonjwa kwa lugha hiyohiyo, anahitaji kweli kujiandaa kwa IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, au inatosha alipe ada, atazame filamu nyingi na kukariri insha chache za mfano? Nimeona niwajibu wote kwa maandishi, kwa kuwa majibu yangu mafupi ya simu yamewafanya baadhi yenu wadhani kwamba nawaficha njia ya mkato. Mnahitaji kujiandaa, tena kwa miezi, na sehemu mbili zinazowakwamisha wengi wetu, yaani kusikiliza na kuandika, zinadai mazoezi ambayo shule zetu hazikutuzoesha.

Kwanza mjue mnachokifuata. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, linalojulikana kwa kifupi cha NMC, linamtaka muuguzi anayetumia IELTS apate alama 7 kati ya 9 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, na lazima mtihani uwe ule wa kitaaluma (Academic), si ule wa jumla (General Training). Mpaka mwishoni mwa mwaka 2018 hata kuandika kulidaiwa 7. Wale miongoni mwenu wanaofikiria kuhamia Kanada kwa njia ya kazi wataambiwa wafanye ule wa jumla, ambao kazi yake ya kwanza ya kuandika ni barua badala ya grafu. Msilipie chochote kabla ya kuisoma kwa macho yenu wenyewe tovuti ya chombo kitakachopokea matokeo, maana kuna watu waliofanya vizuri katika mtihani usiohitajika.

Sasa kusikiliza. Rekodi huchukua dakika 30 hivi, ina sehemu nne na maswali 40, na husikika mara moja tu. Sehemu ya kwanza ni mazungumzo ya watu wawili kuhusu jambo la kawaida, kama kukodi nyumba au kujiandikisha kwa safari. Ya pili ni mtu mmoja akieleza, kwa mfano, huduma za eneo fulani. Ya tatu ni mazungumzo ya wanafunzi, mara nyingine pamoja na mwalimu wao. Ya nne ni mhadhara. Ukipata takriban maswali 30 kati ya 40 unafika alama 7, kwa hiyo una nafasi ya kupoteza maswali kumi, na kumi hayo huisha upesi kuliko mnavyofikiri.

Jambo ambalo vitabu vya maandalizi havitawaeleza, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu, ni jinsi sikio lililolelewa na Kiswahili linavyopotea katika sehemu ileile inayosemekana kuwa rahisi. Katika sehemu ya kwanza mzungumzaji hutaja jina la mtu au la mtaa herufi kwa herufi. Herufi E ya Kiingereza hutamkwa kama I yetu, A yao inakaribia “ei”, na I yao ni “ai”. Mtu mwenye Kiingereza kizuri kabisa huandika I panapotakiwa E kwa sababu mkono unatangulia kabla akili haijatafsiri, na swali limekwenda. Namba za simu nazo husomwa kwa mtindo wao: sifuri hutamkwa kama herufi O, na tarakimu mbili zinazofanana husemwa kwa neno “double”. Kumi na tano na hamsini za Kiingereza (“fifteen” na “fifty”), kumi na sita na sitini, hutofautiana kwa mkazo na kwa sauti ndogo ya mwisho. Saa ndiyo hatari zaidi: sisi tumezoea kuhesabu saa kuanzia mapambazuko, kwa hiyo anayesikia saa tisa ya Kiingereza huku akili yake ikifikiri kwa Kiswahili anaweza kuandika 3 bila kujitambua. Fanyeni zoezi la herufi, namba na saa peke yake, kila siku, dakika chache, mpaka mkono uandike bila kusita. Mwenzako akusomee majina ya mitaa ya miji ya Uingereza au Australia herufi kwa herufi, nawe uandike bila kumwomba arudie.

Kisha kuna sauti za mwisho wa maneno. Maneno yetu huishia kwa irabu, ya kwao mengi huishia kwa konsonanti, na sikio letu huzimeza. Ile s ya wingi ikikosekana katika jibu linalodai wingi, jibu limekosewa, hata kama ulielewa kila kitu. Tahajia nayo huhesabiwa, ingawa ile ya Uingereza na ile ya Marekani zote hukubaliwa. Maelekezo yakisema maneno yasizidi mawili, ukiandika matatu umekosa.

Kuhusu filamu, naomba mnielewe vizuri. Sizikatazi, kwa kuwa huzoesha sikio lafudhi mbalimbali, na mtihani huu una wazungumzaji wa Uingereza, Australia, New Zealand na Amerika Kaskazini. Lakini filamu ina picha zinazokueleza nusu ya habari, ina maandishi chini ya kioo, na inaweza kurudishwa nyuma. Vivyo hivyo redio ya Kiingereza inayosikilizwa ndani ya daladala kutoka Mbagala hadi Posta: inazoesha sikio, lakini haimwambii mtu alipokosea. Zoezi lenye faida linahitaji meza, kalamu na rekodi fupi yenye maandishi yake. Sikiliza dakika mbili au tatu mara moja, andika ulichokamata. Baadaye irudie sentensi kwa sentensi, andika kila neno, kisha linganisha na maandishi na ujiulize kila ulipopotea: je, neno hili sikulijua, au nalijua lakini sikulitambua lilivyounganishwa na jirani yake, au nilikuwa bado nafikiria swali lililopita? Kwa wengi niliowasaidia sababu ya tatu ndiyo kubwa. Mtahiniwa hukosa swali la 12, akaling’ang’ania, akaamka wamefika la 16. Liache. Andika kisio lako baadaye, kwa kuwa jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, na pengo tupu halina nafasi yoyote ya kuwa sahihi.

Mtambue pia kwamba rekodi imetungwa kwa makusudi ya kumjaribu mwenye haraka. Mzungumzaji atasema Jumanne, kisha akumbuke kuwa Jumanne ana shughuli, wakubaliane Alhamisi. Anayeandika siku ya kwanza aliyoisikia na kutua kalamu atakuwa ameangukia pale alipotegwa. Ule muda mfupi wa kusoma maswali kabla ya rekodi kuanza utumieni kutabiri: hapa patakuja namba, hapa jina la mahali, hapa kitenzi. Mwishoni anayefanya kwa karatasi hupewa dakika 10 za kuhamisha majibu, lakini anayefanya kwa kompyuta hupewa 2 tu za kukagua, kwa hiyo anapaswa kuandika majibu safi tangu mwanzo.

Mliniuliza pia kama haya yote yana uhusiano na maisha ya kazi huku Uingereza, au ni kikwazo kilichowekwa mlangoni tu. Nasema kwa dhati kwamba kusikiliza kuna uhusiano mkubwa. Simu hulia kutoka maabara, sauti isiyo na uso husoma kiwango cha potasiamu cha mgonjwa, namba na nukta yake, na jina la ukoo herufi kwa herufi, nawe unapaswa kuandika na kumsomea tena aliyepiga. Tofauti ni kwamba kazini unaruhusiwa kuomba urudiwe, na muuguzi asiyeomba ni hatari kwa mgonjwa. Kwa upande wa lafudhi, hata hivyo, mtihani ni mpole kuliko maisha. Wazungumzaji wa rekodi hutamka kwa uwazi ambao mzee wa mkoa wa Yorkshire aliyevua meno yake ya bandia hataweza kuwapa, na hakuna kitabu kitakachowaandaa kwa hilo zaidi ya kukaa naye.

Kuandika ndiko kunakonisumbua moyo zaidi, kwa sababu huko naona watu wenye akili nyingi wakibaki na alama 6 mara kwa mara bila kuelewa kwa nini. Mna dakika 60 kwa kazi mbili. Ya kwanza, ambayo mtahini anashauri itumie dakika 20, ni maneno yasiyopungua 150 ya kueleza grafu, jedwali au mchoro. Ya pili, ya dakika 40, ni insha ya maneno yasiyopungua 250, na uzito wake ni maradufu ya ile ya kwanza. Msahihishaji huangalia mambo manne yenye uzito sawa: kama umejibu ulichoulizwa, kama mawazo yanafuatana na kushikamana, upana na usahihi wa msamiati, na upana na usahihi wa sarufi.

Hapo kwenye kujibu ulichoulizwa ndipo malezi yetu ya insha yanapotuponza. Tulifundishwa kufungua kwa maneno makubwa kuhusu ulimwengu wa sasa wa sayansi na teknolojia, kuleta methali, kuorodhesha faida tano na hasara tano, na kufunga kwa kuiasa jamii. Msahihishaji wa IELTS hataki mapambo hayo, na sentensi zilizokaririwa anazitambua wala hazikuongezei alama. Chukueni swali kama hili: je, serikali itumie fedha nyingi zaidi kwa usafiri wa umma kuliko kwa barabara za magari binafsi? Mtu wa Dar es Salaam ana la kusema hapa kuliko vijana wengi wa Ulaya. Sema msimamo wako katika aya ya kwanza. Aya ya pili ibebe hoja moja: kwamba barabara pana hujaa tena magari, ilhali njia maalumu ya mabasi hubeba watu wengi katika nafasi ileile. Fafanua kwa nini, kisha toa mfano wa mabasi ya mwendokasi yaliyoanza katika Barabara ya Morogoro mwaka 2016, na ueleze mfano huo unathibitisha nini. Aya ya tatu iukabili ugumu: mabasi yasipotosha, abiria hurudi kwenye bodaboda, kwa hiyo fedha ziende pia katika uendeshaji, si katika ujenzi pekee. Malizia kwa sentensi mbili. Maelekezo yenyewe yanataka mifano kutoka katika maarifa na maisha yako, wala hakuna sababu ya kubuni utafiti wa chuo kikuu ambacho hakipo.

Katika kazi ya kwanza kosa linalojirudia ni kutaja kila namba iliyomo kwenye grafu. Kinachotakiwa ni sentensi moja au mbili za picha ya jumla, yaani nini kilipanda, nini kilishuka, nani alibaki juu, kisha namba chache za kuthibitisha. Usitoe maoni wala sababu ambazo grafu haikuonyesha.

Kwa sarufi, makosa yetu ni yaleyale karibu kila insha ninayoisoma: “a” na “the” zinaachwa au zinamwagwa popote, s ya kitenzi cha nafsi ya tatu inasahaulika, “he” na “she” zinabadilishana nafasi kwa sababu yeye wetu hana jinsia, na sentensi tatu kamili zinaunganishwa kwa mkato tu. Usahihishaji wa makosa haya unahitaji jicho la mtu mwingine. Tafuteni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mlipeni stahiki yake, aweke alama kwenye makosa bila kuyarekebisha, nanyi muandike upya insha ileile. Insha moja iliyoandikwa mara tatu ina faida kuliko kumi zilizoandikwa na kusahauliwa. Wenye kelele nyumbani waende Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, wajifunge dakika 60 bila simu. Wanaokusudia kufanya kwa kompyuta wajizoeze kuchapa, kwa kuwa skrini itawahesabia maneno lakini haitawasahihishia tahajia.

Wale wanaowauzia majibu ya mtihani ujao, au cheti bila kuingia chumbani, wakimbieni. Vyuo na mabaraza huhakiki matokeo moja kwa moja kwenye kumbukumbu za mtihani, na cheti cha kughushi kinaweza kumfungia mtu milango ya viza kwa miaka. Matokeo halali hudumu miaka 2, na NMC huruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi kusikiliza, kusoma na kuzungumza kusiwe chini ya 6.5, na kuandika kusiwe chini ya 6. Aliyekosa sehemu moja kwa nusu alama asikate tamaa, bali apange tarehe ya pili mapema.

Msiweke tarehe ya mtihani mpaka mazoezi kamili ya nyumbani, ya kusikiliza mara moja tu, yawape maswali 32 au zaidi kwa mfululizo. Na kila anayetaka nimsomee insha anitumie iliyoandikwa kwa mkono wake, ikiwa na saa ya kuanza na saa ya kumaliza juu ya karatasi. Huwa nazisoma Jumapili nisipokuwa zamu, na nitajibu kila moja.