Uliza Tukujibu: Suti, Kanzu na Meza ya Jioni Melini

Barua nne za mwezi huu zimetoka mikoa ya kati, ambako bahari huonekana kwenye kalenda za benki tu, na zote zinauliza habari za melini. Pengine ni kwa sababu tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, pwani imetusogelea. Pengine pia ni kwa sababu watoto wetu walioko ughaibuni wameanza kuwakatia wazazi tiketi za namna hiyo badala ya kuwatumia fedha za bati.

*Ndugu Mwandishi, mimi ni mtumishi wa serikali mstaafu. Mwanangu anayeishi Uingereza ametulipia, mimi na mama yake, safari ya usiku saba kutoka Southampton kwenda Norwei kwa meli ya kampuni ya Cunard, mwezi wa sita. Ameniandikia kwamba kutakuwa na "usiku wa gala" na kwamba nijiandae na taksido, ile suti rasmi ya jioni ya Kizungu. Rafiki yangu ninayekaa naye jioni pale Nyerere Square anasema mambo hayo yalikwisha zamani, siku hizi watu wanakula melini wakiwa na kaptula. Nina suti moja nyeusi aliyonishonea fundi wa Majengo, na Kaunda suti mbili. Nani kati yao anasema kweli, nami nishone nini? — Mstaafu, Area D, Dodoma.*

Mzee wangu, shikamoo. Rafiki yako anasema kweli kuhusu meli nyingi, na mwanao anasema kweli kuhusu meli yako. Kilichowachanganya ni kudhani kwamba meli zote za kitalii zina kanuni moja ya mavazi, ilhali kila kampuni ina yake, na hata ndani ya meli moja kanuni hubadilika kwa chumba na kwa saa.

Desturi yenyewe ilitoka kwenye meli kubwa zilizovusha watu Atlantiki kabla ndege za jeti hazijaanza kubeba abiria katika njia hiyo mwaka 1958. Abiria wa daraja la kwanza walibadilisha nguo kila jioni kabla ya chakula, isipokuwa usiku wa kwanza na usiku wa mwisho. Usiku wa kwanza masanduku yalikuwa hayajafunguliwa, na usiku wa mwisho yalikuwa yamekwisha kufungwa, kwa hiyo hata wenye vyeo walisameheana. Ndege zilipowachukua abiria hao, kampuni za meli ziligeukia watalii, na watalii wale wakaipokea desturi kama sehemu ya burudani waliyoilipia: zamu mbili za chakula, meza uliyopangiwa, nahodha akisalimia wageni, mpiga picha akisubiri penye ngazi, na jioni moja au mbili za wiki ambazo wanaume wote walifanana na wahudumu.

Kulegea kulikuja hatua kwa hatua. Kampuni ya meli ya Norwegian Cruise Line ilianzisha mwaka 2000 utaratibu iliouita Freestyle Cruising, ambao ulifuta zamu za lazima za kula pamoja na usiku wa mavazi rasmi ya kulazimishwa, ukamwachia abiria achague mkahawa na saa. Celebrity iliondoa usiku rasmi mwaka 2015 ikaweka jioni ambazo inatosha kupendeza tu, bila tai. Viking haina usiku rasmi kabisa kwenye meli zake za baharini. Virgin Voyages haina kanuni ya mavazi, ila ina usiku mmoja ambao abiria huombwa wavae nyekundu, jambo ambalo mtu wa Dodoma aliyewahi kupokea kadi ya harusi yenye "rangi za siku" hatahitaji kuelezwa. Carnival bado ina jioni zake za kupendeza, moja kwa safari fupi na mbili kwa safari za siku sita na kuendelea, lakini shati safi lenye kola na suruali ndefu vinatosha.

Sababu hazihitaji mtaalamu. Abiria wengi hufika bandarini kwa ndege, begi hupimwa, mara nyingi kilo 23, na kila kilo ya koti na viatu vya ngozi ni kilo iliyonyimwa kitu kingine. Familia zenye watoto wadogo zimekuwa nyingi, na hakuna mzazi anayetaka kumfunga tai mtoto wa miaka sita ambaye ametoka kwenye bwawa dakika kumi zilizopita. Meli mpya zina mikahawa mingi badala ya ukumbi mmoja mkubwa, kwa hiyo ni vigumu kuwadai watu wote mavazi ya aina moja. Mimi naongeza na hii, ambayo ni maoni yangu: kampuni zimegundua kwamba abiria asiyelazimika kurudi chumbani kubadilisha nguo hubaki baa, na abiria aliyebaki baa hulipa.

Sasa tuje kwenye meli yako. Cunard ni kati ya kampuni ambazo zimelegeza kidogo sana. Jioni huanza saa kumi na mbili, na kuanzia hapo usiku wa kawaida huhitaji shati na suruali nzuri, wala koti halilazimishwi tena kama zamani. Usiku wa gala, ambao katika safari ya siku saba mara nyingi huwa miwili, mwanamume huvaa taksido au suti nyeusi ya kawaida pamoja na tai ndefu au tai ya kipepeo. Mara nyingi usiku huo hupewa mada, kwa mfano nyeusi na nyeupe, au vinyago vya kufunika macho. Mada hiyo ni ya wanaopenda, hutafukuzwa kwa kukosa kinyago. Kwa hiyo usishone kitu. Suti yako ya Majengo inatosha, mradi uivae leo mbele ya kioo uone kama kifungo kinafika, maana suti za kabla ya kustaafu zina tabia ya kupungua zikiwa kabatini.

Kaunda suti zako nazo uzibebe. Ile ya mikono mifupi ni nguo nzuri kabisa ya usiku wa kawaida, na mezani itakupa la kuzungumza, kwa kuwa utaeleza jina lake lilitoka kwa rais gani wa Zambia. Usiku wa gala kanuni huruhusu pia vazi rasmi la taifa, na ungeweza kudai kwamba Kaunda suti ya rangi iliyokolea ni vazi hilo, lakini kijana anayesimama mlangoni hana muda wa historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika huku foleni ikiwa nyuma yako. Okoa pumzi.

Kuna mambo mawili ambayo vijarida vya safari husahau kuwaambia watu wetu. La kwanza ni pasi ya nguo: usiibebe. Meli nyingi huzuia abiria kuingia na pasi au mashine ya mvuke kwa hofu ya moto, na mizigo hukaguliwa bandarini kama kwenye uwanja wa ndege. Meli za Cunard zina vyumba vya kufulia vyenye pasi, lakini saa moja kabla ya usiku wa gala utakuta foleni ya wake za watu wenye mashati mikononi. Piga pasi mchana, wakati wengine wametelemka kutazama milima. La pili ni giza. Mwezi wa sita Norwei jua huchelewa mno kuzama, kwa hiyo utakaa mezani na suti nyeusi huku nje ni mchana mweupe, na mama atakuuliza kama hiki ni chakula cha jioni au cha mchana.

Na ikiwa siku hiyo miguu imechoka na hamtaki suti, hakuna atakayewagongea mlango. Mtakula kwenye bafe mkiwa na nguo za kawaida, na baa yao iitwayo Golden Lion nayo itawapokea hivyo hivyo. Mtakosa ukumbi mkubwa tu. Hapo ndipo ulegevu wa siku hizi ulipo hasa: kanuni haikufutwa, ilihamishwa kutoka kwenye meli nzima ikawekwa kwenye milango michache, na swali la kumuuliza mwanao si "meli hiyo inataka nini" bali "mlango upi, usiku upi".

*Assalaam alaykum. Mume wangu nami tumealikwa na shemeji yangu kwenye meli ya kitalii. Mimi huvaa gauni refu la kitenge na ushungi, na mume wangu ni mtu wa kanzu, koti na kofia. Je, tutaonekana tumevunja kanuni zao za jioni, au inabidi abadilike awe na tai? — Mama wa watoto watatu, Kondoa.*

Waalaykum salaam, dada. Mtakuwa miongoni mwa waliovaa vizuri kuliko wengi. Kanzu safi iliyonyooshwa, na koti jeusi juu yake, ni vazi rasmi la watu wa pwani na la Waislamu wa bara vilevile, na kampuni zenye usiku rasmi hulipokea vazi la taifa au la jadi kwa uzito uleule wa suti. Gauni refu ndilo hasa wanaloliomba kwa wanawake. Kitenge kikishonwa vizuri, na ushungi wa rangi moja iliyo ndani ya kitenge chenyewe, hakihitaji shanga zaidi.

Kofia ndiyo ningeiulizia. Kampuni nyingi zinakataza kofia ndani ya kumbi za chakula, zikimaanisha kapelo za vijana, si kofia ya kushonwa kwa mkono. Ili mume wako asije akaanza kujieleza mlangoni kwa Kiingereza cha haraka, mwambie shemeji aiandikie kampuni barua pepe wiki chache kabla na kuhifadhi jibu kwenye simu. Kwenye barua hiyohiyo aulize habari ya chakula cha halali, maana hilo huandaliwa kwa taarifa ya mapema, nalo ni kubwa kuliko kofia. Muwe macho pia na usiku wa kamba-koche, ambao kwa desturi huwekwa usiku rasmi: kanzu nyeupe na siagi ya kuyeyuka havipatani.

*Mhariri, nimesoma kwamba meli kubwa sasa zinaruhusu watu kula chakula cha jioni na jinzi, hata raba. Huu si ustaarabu kuporomoka? Sisi huku tunawatuma watoto nyumbani kwa soksi zisizo sare, na Bunge letu hapo Dodoma lina kanuni zake. Kwa nini matajiri walegezewe? — Mwalimu, Mpwapwa.*

Mwalimu, umegusa jambo, ila nadhani umelishika kwa ncha isiyo yake. Bunge ni mahali pa kazi ya umma. Juni 2021, mbunge mwanamke alipoamriwa atoke ukumbini akabadilishe nguo baada ya mwenzake kulalamikia suruali aliyovaa, nchi nzima ilibishana, na ilikuwa haki ibishane, kwa sababu ukumbi ule ni wetu sote. Meza ya melini ni ya aliyelipa. Tena usisahau kwamba kanuni ile ya zamani haikuwahi kuwa ya wote. Abiria wa daraja la tatu hakuna aliyewadai koti. Walidaiwa tu wakae kwao, chini. Nguo ya jioni ilikuwa ukuta, na ukuta ule ukibomoka silii.

Nilipata kuuona ukuta huo kwa macho, katika hoteli moja ya pwani, miaka mingi iliyopita. Mgeni niliyeongozana naye, mtu mzima mwenye heshima zake, alizuiwa mlangoni mwa mkahawa kwa kukosa koti, kisha akaletewa koti la kuazima lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Mikono yake iliishia juu ya kifundo cha mkono. Ndani ya mfuko mlikuwa na kijiti cha meno kilichotumika na risiti ya chakula cha mtu mwingine, samaki na bia mbili. Alikula akiwa amelivaa, kimya, na kanuni ikawa imetimizwa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka usiku rasmi ufutwe kabisa. Wako watu, hasa wenye umri wa mzee wetu wa Area D, ambao jioni ile ndiyo waliyoiwekea akiba, na mtu akija kuketi kando yao na fulana yenye jasho la mazoezi anawapunguzia kitu ambacho yeye hakukilipia. Jioni mbili kwa wiki, katika ukumbi mmoja, huku kumbi nyingine zikiwa wazi kwa wenye jinzi, naona ni mgawanyo wa haki. Habari ya soksi za watoto tutaizungumza siku nyingine, Mwalimu. Hapo sina uhakika kama tuko upande mmoja.

*Kaka mwandishi, mimi ni fundi cherehani, Soko la Majengo. Mwaka huu wateja wawili wameniuliza taksido. Tofauti yake na suti nyeusi ni ipi hasa? — Fundi.*

Fundi, ni satini. Kola ya koti huvikwa satini, vifungo hufunikwa kwa kitambaa kilekile, na suruali huwa na utepe wa satini ubavuni kuanzia kiunoni hadi chini. Suruali haiwekewi vishikio vya mkanda. Koti huwa na kifungo kimoja mbele, na shati ni jeupe. Kwa mteja atakayeivaa mara mbili katika maisha yake, mshauri ashone suti nyeusi nzuri na anunue tai ya kipepeo. Akikataa, mshonee, lakini satini ya kola iwe ile iliyofifia kidogo, kwa sababu hii ya magauni ya send-off ikipigwa na taa za ukumbini inageuka kioo.