Maswali ya jikoni: moto ndio unaokushinda, sio resipe

Safari hii karibu barua zote zimetoka kwa watu wanaoanza kupika. Nimechagua chache, zingine nimezikata maana jamani mnaandika. Utaniona narudi kwenye moto kila saa, nivumilie tu.

*Anti habari za kazi. Mimi nina miaka 31 nimeanza kuishi peke yangu juzijuzi na sijawahi kupika kitu zaidi ya chai, nimeangalia video za mapishi mpaka bando linaisha, nikanunua viungo kibao na saivi viko kabatini tunaangaliana tu, nikifungua resipe inataka vitu 17 naifunga. Nianze na nini?*
– Bachela mwenye viungo

Kaka, hivyo viungo viache hukohuko kwanza. Viungo havimfundishi mtu kupika, tena vinaweza kukuficha usijue ulipokosea. Chagua vitu vinne tu: yai, wali, mboga ya majani, na mchuzi wowote unaoanza na kitunguu na nyanya. Nimevichagua makusudi maana kila kimoja kina moto wake. Yai litakufundisha moto mdogo na kuepua mapema, wali utakufundisha maji na kutulia, mboga ya majani inataka moto mkali dakika chache basi, na mchuzi unaanza na moto wa kati halafu unashusha. Rudia hivyohivyo mpaka mkono uzoee, hata kama umechoka kuvila. Mtu anabadilisha pishi kila siku halafu analalamika hajui kupika, sasa utajuaje kama leo kosa ni chumvi au ni moto wakati jana ulipika kitu kingine kabisa?

Vyombo usijitese. Sufuria moja yenye kitako kizito na mfuniko unaokaa sawasawa, kikaango, mwiko, kisu, ubao wa kukatia. Kisu kiwe kikali. Watu wanaogopa kisu kikali kumbe butu ndio balaa, unakikandamiza kwa nguvu zote kinateleza juu ya ganda la kitunguu kinakuja kidoleni. Na kabla hujawasha jiko soma resipe mpaka mwisho, menya, kata, weka kila kitu kwenye bakuli lake. Hao unaowaona kwenye video wanakata nyanya huku kitunguu kiko motoni wamezoea, wewe kitakuungulia.

*Anti nisaidie wali. Napima kikombe 1 cha mchele na maji 2 kama nilivyoambiwa, lakini chini unaungua, katikati mashendea, juu mchele mbichi, yani sufuria moja wali wa aina tatu!! Siku nilipopika vikombe 4 kwa maji 8 ndo ikawa uji kabisa. Mbona wenzangu wanachambua punje moja moja?*
– Mama wa aina tatu

Mdogo wangu umenichekesha ila tatizo lako linarekebishika leo leo. Hapo kuna mambo mawili tofauti umeyaweka kwenye sufuria moja.

La kwanza ni moto. Punje inahitaji muda wa kunywa maji mpaka ndani, sasa ukiacha moto mkali mwanzo mwisho maji yanaondoka kwa mvuke kabla mchele haujayanywa, chini panakauka panaungua na juu hapajapata kitu. Fanya hivi: osha mchele mara kadhaa mpaka maji yapungue ule weupe, ule ni wanga wa juu ya punje ndio unaozigandisha. Chemsha maji na chumvi, tia mchele, koroga mara moja tu, acha moto mkali mpaka uone maji yameshuka yamelingana na mchele na vitundu vinaanza kutokea juu. Hapo shusha moto mpaka mdogo kabisa, funika, ondoka. Dakika kama 15 usifungue. Najua mkono unawasha lakini kila ukifunua mvuke unatoka na huo mvuke ndio unaoivisha juu. Na usikoroge, ukikoroga unazivunja punje wanga unatoka tena. Ukizima acha dakika 10 ukiwa umefunikwa ndio uuchambue kwa uma. Kama unatumia jiko la umeme la koili kumbuka koili haipoi saa ileile uliyopunguza, kwa hiyo inua sufuria pembeni dakika moja au mbili ndio uirudishe, hili resipe nyingi hazisemi na ndio linaunguza watu.

La pili ni hesabu ya maji. Ile 1 kwa 2 ina maji ya kunywewa na mchele pamoja na maji ya kupotea kwa mvuke. Ya kunywewa yanaongezeka ukiongeza mchele, ila ya kupotea hayaongezeki hivyo, yanategemea upana wa sufuria, mfuniko na muda uliokaa motoni. Ndio maana vikombe 4 kwa 8 vimekupa uji. Mchele ukiwa mwingi punguza uwiano, anza na maji 6 hivi kwa vikombe 4 uone mchele wako unasemaje, maana kuna wa kunywa sana na wa kunywa kidogo. Ukikuta juu bado una kiini, nyunyizia maji ya moto vijiko vichache, funika tena moto mdogo.

Kiporo nacho, usiache wali mezani usiku kucha. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemka, wali ukikaa kwenye joto la kawaida zinaamka na kutoa sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Ndani ya saa 2 uwe umeingia kwenye friji, kwenye chombo kipana upoe haraka.

*Resipe zote zinasema kaanga kitunguu dakika 5 mpaka kiwe cha kahawia. Mimi dakika 5 kiko cheupe, nikiongeza moto kinakuwa cheusi pembeni na ndani kibichi, kitunguu saumu ndo kinaungua kabisa kinakuwa kichungu. Nyama nayo nikiikaanga inatoa maji inachemka haiwi rangi nzuri. Nakosea wapi?*
– Kahawia haiji

Hukosei wewe, resipe zinadanganya. Dakika 5 hadi 8 kitunguu kinalainika na kuwa kama kioo, basi. Kahawia ya kweli ya kitunguu kilichojaa inataka dakika 20 na kuendelea, moto wa kati kushuka chini, unakorogakoroga. Sababu ni maji, kitunguu sehemu kubwa ni maji na mpaka yapungue joto halipandi sana kupita 100. Rangi ya kahawia ya nyama, ya mkate, na kwa sehemu ya kitunguu, inatokana na protini na sukari kukutana kwenye joto kali pakavu, alieleza mkemia mmoja Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Ukilijua hilo la nyama umeshajijibu. Ikaushe kwa taulo la karatasi, kikaango kipate moto kwanza, mafuta yafuate, halafu weka vipande vichache vyenye nafasi. Ukivijaza vyote kwa pamoja maji yanayotoka hayana pa kwendea, kikaango kinapoa, unachemsha. Kaanga kwa awamu hata kama una njaa. Usianze kuvigeuzageuza, kipande kikishapata rangi kinajiachia chenyewe, kikiwa bado kimeng'ang'ania mara nyingi muda haujafika. Kitunguu saumu tia mwishoni, nusu dakika hadi moja kikinukia tu mwaga nyanya.

Na kama nyama ni kuku, hapo rangi isikupumbaze, nje inaweza kupendeza na ndani karibu na mfupa bado. Kipimajoto cha chakula kisome digrii 74 za Selsiasi katikati ya kipande kinene. Ni kakitu kadogo lakini kwa anayeanza nakapendelea kuliko seti yoyote ya sufuria.

*Chumvi ikizidi kwenye mchuzi ni kweli nikiweka kiazi kitainyonya?*
– Msomaji wa haraka

Kiazi kinanyonya mchuzi, yaani maji pamoja na chumvi yake, kwa hiyo kilichobaki kwenye sufuria kina chumvi ileile. Kinachosaidia ni kuongeza wingi: maji, nyanya, au viazi vingi ambavyo utavila humohumo. Ndimu kidogo inaufanya ulimi usiisikie sana ila chumvi haijaenda popote. Safari nyingine tia chumvi kidogo mwanzoni na umalizie mwishoni, maana mchuzi ukipungua maji chumvi inabaki yote.

*Anti maharage mekundu yananishinda, napika masaa na masaa bado magumu, nanunua gesi kila kukicha. Shemeji kanishauri niyaweke kwenye lile jiko la umeme la kupika taratibu niyaache kutwa nzima nikiwa kazini. Ni sawa?*
– Mchovu wa maharage

Mwambie shemeji asante lakini hapana, na hili nalisema kwa ukali kidogo. Maharage mekundu mabichi yana lektini, sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na inavunjwa na kuchemka kwelikweli. Hayo majiko ya taratibu mengine hayafiki joto la kuchemka, na maharage yaliyopashwa nusunusu yanaweza kuwa mabaya kuliko mabichi. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya, yachemke kwa nguvu, mimi nakushauri nusu saa nzima, baada ya hapo ndio uyahamishie kwenye jiko la taratibu ukitaka.

Ugumu: nyanya na ndimu usiweke mpaka yalainike kabisa, tindikali inazuia ganda kulainika. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu nayo ni mabishi, loweka na robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea, si zaidi, yakizidi yanakuwa na ladha ya sabuni. Kama unaishi sehemu ya juu sana maji yanachemka kwenye joto dogo, karibu digrii 1 pungufu kwa kila mita 300, hapo sufuria ya presha ndio itakuokolea gesi.

*Mi naogopa mafuta tu, yakianza kuruka nakimbia jiko. Na yakiwaka moto je?*
– Mkimbiaji

Yanaruka kwa sababu ya maji. Kausha chakula, kausha kikaango, na unapoweka kipande kilaze kuelekea mbali na wewe. Ukiona moshi unatoka yameshapata moto kupita kiasi, zima.

Yakiwaka, zima jiko, funika na mfuniko, na usikisogeze kikaango wala kufunua mpaka kipoe kabisa. Maji usithubutu. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini, yanageuka mvuke ghafla na kutawanyika mara 1,600 hivi ya ujazo wake, na yanarusha mafuta yanayowaka jikoni kote. Mfuniko ukiwa haupo karibu tumia trei kavu ya chuma. Ukiona umekuwa mkubwa wewe toa watu nje, piga simu ya zimamoto. Kwa hiyo hata ukikimbia, kimbia baada ya kuzima jiko, na kila ukikaanga mfuniko uwe mezani pembeni yako, sio kabatini.