Kuibunia Ngao Historia

SWALI: Mhariri, ninaandika hadithi inayotokana na mchezo wa video ambamo ngao ya nishati (kinga iliyofanywa kwa nguvu, si kwa chuma) hutumika bila asili yake kuelezwa. Niibunieje historia? – Msomaji, Ilemela, Mwanza.

JIBU: Anza na shida iliyoilazimisha ngao hiyo kuwapo, kisha amua ni nani aliyeigharimia na ni nani aliyenyimwa, kwa kuwa hapo ndipo hadithi hupata watu. Itazame MV Victoria, meli ya Ziwa Victoria: iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande, ikaunganishwa upya Kisumu na kuanza safari mwaka 1961, kwa sababu meli za baharini haziwezi kulifikia ziwa letu. Ngao yako nayo ipate kizuizi kizito cha namna hiyo, pamoja na kasoro ambayo mafundi wa baadaye wameirithi. Usipingane na lolote ambalo mchezo wenyewe umelionyesha. Tarehe chache zinatosha.